Bakshishi ya Marehemu

Kazi yangu ni kusafisha mabasi ya watalii wakishashuka, kwa hiyo habari za watalii nisisimuliwe na mtu. Chini ya siti nimeokota chingamu zilizotafunwa, maganda ya ndizi, nepi zilizokunjwa vizuri kana kwamba ni zawadi, na kucha. Ndiyo, kucha. Mtu mzima, mwenye kamera ya bei ya kiwanja, anavua kiatu na kukata kucha za miguu ndani ya basi la watu, kisha anazisukumia chini ya siti ya mwenzake. Huwa naziokota kwa glavu huku nikitema mate pembeni, na mpaka leo sijazizoea.

Kwenye mfuko wa kila siti kampuni huweka kadi ngumu yenye picha ya mkono unaotoa na mkono unaopokea. Imeandikwa kwa lugha yao: adabu za bakshishi katika nchi hii. Toa siku ya mwisho ya safari. Usitoe sarafu za kwenu, maana benki za hapa hazizipokei. Usimpe mtoto wa barabarani. Usimpe mtu nguo chafu ukaiita zawadi. Hiyo ya mwisho iliongezwa baada ya mgeni mmoja kumvulia dereva viatu vilivyojaa tope na kumwonyesha kwa ishara kwamba akishavisafisha ni vyake. Lugha yao naielewa, kwa sababu kabla ya mabasi nilipiga deki kwenye nyumba za wenzao wanaoishi hapa, na mpiga deki husikia mengi. Kadi zenyewe huwa nazikuta zimeviringishiwa chingamu.

Dereva aliyepewa viatu hivyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na habari hii ni yake. Nitaanza na mazuri yake, maana nikianza na mabaya sitafika kwenye mazuri.

Shemeji amekuwa dereva tangu ana nywele. Sasa hana. Wenzake humwita Taratibu, kwa sababu akikanyaga breki, maji yaliyomo kwenye glasi hayana habari. Halewi, hafokei mtu, hapigi honi ovyo. Asubuhi alikuwa anafika yadi kabla ya wote, anafuta kioo cha mbele kwa gazeti lililolowa, kisha anazunguka kupapasa tairi moja moja kwa kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Na suruali yake nyeusi ilikuwa na mkunjo wa kukatia mkate. Mkunjo huo ulikuwa kazi ya dada. Kila jioni aliipiga pasi ile suruali na kuitundika kwenye msumari ukutani, mkabala na kitanda chao, ili mume akifumbua macho aione.

Kasoro yake ni moja: ni mtu wa “ndiyo”. Mwambie leo Jumapili ilhali ni Jumatano, atasema, “Ndiyo, shemeji,” kisha ataenda kuuliza wengine kimyakimya.

Dada yangu, ambaye naishi kwake, ni wa namna nyingine kabisa. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni kwake, na akicheka wanamsikia nyumba ya tatu. Ni mwanamke wa kujaza mlango. Hospitali hajawahi kulazwa ila kwa kujifungua, mara mbili, na mara zote mbili alirudi akiponda shuka zao. Watoto wenyewe sasa ni watu wazima, wa kiume ni fundi umeme na wa kike ameshaolewa. Haya nayasema makusudi, yashike, utayahitaji mbele.

Aliyebaki ni kiongozi wa safari, yule anayesimama mbele ya basi na kuwaeleza wageni jengo lile alijenga nani na mlima huu una urefu gani. Yadi nzima tunamwita Maikrofoni. Ana miwani ya jua ambayo nadhani analala nayo, na ana tabia ya kumshika mtu bega kila anapotaka kumdanganya. Kwa kutia chumvi hana mwenziwe. Mlima aliouonyesha mwaka juzi, mwaka huu umerefuka.

Siku ya mwisho ya kila safari basi hupita yadi kujaza mafuta kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Hapo ndipo Maikrofoni hutoa hotuba ya bakshishi, basi likiwa limesimama na wageni hawana pa kukimbilia. Bahasha mbili huzungushwa, moja ya kiongozi na moja ya dereva. Wageni wakishaondoka, Maikrofoni huifungua ya dereva na kuchukua nusu. Hiyo wanaiita desturi. Ukiuliza ilianza lini unaambiwa mkono mtupu haulambwi, na kwamba bila hotuba yake dereva asingepata hata shukrani.

Hotuba hiyo sikuwahi kuisikia, kwa kuwa muda huo huwa niko upande wa pili nikisugua basi jingine. Siku niliyoisikia ni kwa sababu mgeni mmoja alikuwa ametapika siti ya nyuma, nikaitwa na ndoo yangu. Nimepiga magoti, nimeziba pua kwa bega, Maikrofoni akaanza.

“Rafiki zangu,” alisema kwa lugha yao, akaishusha sauti, “sijui kama mmemtazama vizuri dereva wetu. Miezi michache iliyopita alimzika mkewe. Alifia kwenye uzazi, njiani, na aliyekuwa anaendesha kumkimbiza hospitali ni huyu huyu. Ameachiwa vichanga watatu. Ni mtu wa haya, hapendi kulisema. Nawaomba sana, msimwambie kwamba nimewaambia.”

Nilifikiri anamsema dereva mwingine. Nikainua kichwa. Kwenye kioo cha ndani nikauona uso wa shemeji yangu: ameinama, midomo ameibana, macho ameyalegeza. Alikuwa na huzuni ambayo hakuwa nayo hata siku tulipomzika mama yetu mzazi, na mama yetu alimpenda.

Mwanamke mmoja akashika kifua. Mzee mmoja akatoa simu, akapiga picha kisogo cha shemeji. Kisogo! Bahasha ya dereva ilizunguka, na iliporudi mbele ilikuwa imenona, na Maikrofoni aliipokea kwa mikono miwili kama sadaka. Nilitazama matapishi yaliyokuwa kwenye ndoo yangu nikayaonea huruma, maana yenyewe yalikuwa na usafi fulani.

Jioni nilimvizia shemeji kwenye bomba la yadi, ananawa mikono.

“Shemeji, pole na msiba.”

Akageuka upesi. “Msiba wa nani tena?”

“Wa dada yangu. Nimesikia leo kwenye basi. Amekufa mpaka akazikwa, na mimi mdogo wake sijaambiwa hata matanga yalikuwa wapi!”

Maji yaliendelea kumwagika. Hakuyafunga. “Umeelewa alichosema?”

“Nimekielewa chote. Hata wale vichanga watatu. Fundi umeme mwenye ndevu naye ni kichanga?”

“Shemeji, yale ni maneno tu. Tena ya Kizungu.”

“Ya Kizungu ndiyo nini?”

Hapo akanieleza, kwa utulivu wake ule ule wa kukanyaga breki, na nikiri kwamba sikuwahi kusikia ujinga uliopangwa vizuri namna ile. Alisema uchuro una lugha yake. Yeye mwenyewe asingethubutu kutamka kwa lugha yetu kwamba mama watoto amekufa, ulimi ungekauka, maana maneno huumba. Lakini yale ya wageni, alisema, hayafiki nyumbani. Hakuna wa kwetu anayeyasikia, aliye hai wala aliyelala kaburini. Kwake ni kama kelele ya injini, inalia na kupita. Na zaidi ya hayo, hasemi yeye, anasema Maikrofoni.

“Na ule uso?” nikamuuliza. “Uso nao ulikuwa wa Kizungu?”

Akafunga bomba.

Yote yalianza msimu mmoja mbaya, wageni wachache na mkono umekaza. Maikrofoni akajaribu kumuuguza dada kidogo, homa tu, na wageni wakatoa. Safari iliyofuata homa ikamzidia. Tangu hapo dada yangu hakupona tena. Kumbe madereva wote walikuwa wanajua, wakawa wanacheka chini chini kwa kuwa Maikrofoni alikuwa anamuua kulingana na wageni: wakija wazee, moyo, wakija wenye watoto, uzazi, wakija vijana wa kupanda milima, mafuriko. Mwanamke mmoja, vifo vyote hivyo, naye yuko nyumbani anatia lastiki kwenye kaptula za shule.

“Ile cherehani ya umeme anayojivunia,” shemeji alisema akitazama chini, “unadhani ilitoka wapi? Na bati jipya la sebuleni?”

Wahenga walisema kufa kufaana, lakini sidhani walimaanisha marehemu ashonee cherehani ya rambirambi zake mwenyewe.

“Mwambie aache.”

“Ndiyo, shemeji.”

Ile “ndiyo” niliifahamu, na niliichukia hata kabla hajamaliza kuitamka. Lakini dada sikumwambia. Niliwaza mwenye kulivunja alirekebishe mwenyewe, na nikampa mpaka mwisho wa msimu.

Sasa, mwisho wa msimu kampuni yetu ina utaratibu. Safari ya kufunga, siti zikibaki wazi, familia za wafanyakazi huruhusiwa kupanda siku ile ya mwisho. Katika ndoa nzima dada aliomba jambo moja tu, apande lile basi amwone mumewe anavyoendesha. Kila mwaka siti zilijaa. Mwaka huo hazikujaa. Dada alipouliza, shemeji akasema “ndiyo” kabla akili haijamfikia, na dada akakata kitambaa cha gauni siku hiyo hiyo.

“Umemwambia Maikrofoni?” nilimuuliza shemeji.

“Nimemwambia mke wangu atakuwepo.”

“Akasemaje?”

“Akasema nisiwe na wasiwasi.”

Nilipanda na mimi, na nilikaa ubavuni kwa dada. Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, na aliyesema ni Maikrofoni, mimi huvaa viatu vya kukimbilia.

Laiti ungemwona dada yangu asubuhi ile. Alikaa wima kama yuko kanisani au mahakamani, gauni la maua limemkaa vyema, na kila basi lilipopunguza mwendo alinigonga kwa kiwiko. “Umeisikia breki? Hujaisikia, eti? Ndiyo maana yake!” Wageni walipomgeukia, aliwaonyesha kwa kidole kile kisogo cha mbele na kuwaambia kwa lugha yetu, kwa fahari, “Yule ni mume wangu.” Wao wakatabasamu na kutikisa vichwa bila kuelewa neno. Mwingine akamwinamia kabisa.

Tulipoingia yadi kujaza mafuta, Maikrofoni akasimama. Alimtazama dada, akaivua ile miwani. Sijawahi kumwona akiivua kabla ya hapo. Macho yake ni madogo.

Akaanza. Dereva wetu, mkewe, uzazi, njia. Nikafikiri labda ataishia hapo. Lakini safari ya kufunga msimu ndiyo yenye bahasha nene, na mtu yule hakuwa tayari kuiacha. “Na leo,” alisema, “tumebahatika. Yule mama wa watu aliyekaa pale nyuma ni dada wa marehemu. Ameacha kila kitu kuja kuwalea wale yatima. Hajawahi kupanda gari zuri maishani mwake. Leo tumempa zawadi hii ndogo.”

Basi zima likageuka nyuma.

Bibi mmoja mwenye kofia pana ndiye aliyeanza. Alikuja akishikilia siti, akamshika dada mashavu kwa viganja viwili vilivyojaa mafuta ya kujikinga na jua, akalia. Kisha akambandika noti mkononi na kumfumba vidole, kimoja kimoja. Nyuma yake wakaja wengine. Foleni, kama ya kuaga mwili. Mmoja alimkumbatia huku mwenzake akipiga picha. Mwingine alimpa noti na nusu chupa ya sabuni ya nywele.

Na dada alifurahi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Uso uling’aa, akawa anapokea na kushukuru, anapokea na kushukuru.

“Mdogo wangu, watu hawa wana upendo!” aliniambia. “Wanampenda mume wangu mpaka wananitunza mimi, kama bibi harusi! Lakini mbona wanalia? Wanasemaje? Niambie niwajibu, nisije nikaonekana sina adabu.”

Nikatazama mbele. Kwenye kioo macho ya shemeji yalikuwa yananitazama, yananiomba. Hayakuwa na ile huzuni ya bandia sasa. Yalikuwa na hofu ya kweli, na haikunigusa hata chembe.

“Wanakupa pole, dada.”

“Pole ya nini?”

“Ya ndugu yako aliyekufa.”

“Ndugu yangu ni wewe, na uko hapa unanuka sabuni ya deki.”

“Wameambiwa wewe ni dada wa mke wa dereva. Mke wa dereva amekufa kwenye uzazi. Safari iliyopita alikufa kwa mafuriko. Wanakupa bakshishi ya msiba wako, dada.”

Nilimwambia yote, kwa ufupi. Nilitegemea kishindo. Mwanamke yule akigombana na muuza vitambaa, mtaa mzima unafunga madirisha. Lakini alikaa tu, akazitazama zile noti, akamtazama Maikrofoni, akaangalia kioo ambamo macho yalikuwa yameshatoweka. Kisha akainuka. Akapita siti kwa siti, akaweka noti ya kila mtu mapajani kwake, na ile sabuni ya nywele akaiweka mapajani kwa mwenyewe. Wageni wakaguswa zaidi. Nilimsikia mmoja akimwambia mumewe, “Maskini, lakini wana heshima zao.” Akapiga picha na hilo nalo.

Dada akafika mbele, kwenye kile kiti cha kiongozi kando ya dereva. “Nipishe,” alimwambia Maikrofoni, naye akapisha. Akakaa. Akakusanya gauni lake magotini, akatazama barabara.

“Endesha,” akasema.

Tukafika uwanja wa ndege. Tulipokuwa tunashuka alimwambia mumewe jambo moja, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. “Breki zako ni nzuri kweli.”

Jioni ile shemeji aliikuta suruali yake pale pale alipoivua, sakafuni. Akaiokota, akaenda nayo sebuleni.

“Mama Watoto, pasi vipi leo?”

Dada alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. Alinigeukia mimi. “Mdogo wangu, mwambie huyo mjane kwamba marehemu hapigi pasi.”

Na hivyo ndivyo walivyoishi. Dada hakugomba, hakufungasha, hakumshtaki kwa wazee. Alikufa tu, kama alivyoambiwa. Marehemu hapiki, kwa hiyo alipika chakula chake mwenyewe na changu, na shemeji akala vitumbua vya kwenye karatasi akiwa amesimama. Marehemu haitiki. Shemeji akisema, “Naomba chumvi,” dada aliniuliza kama nimesikia upepo. Ile cherehani ya umeme aliifunika shuka, akaivuta kutoka uani ile ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, na akarudi kukanyaga usiku na mchana na miguu ikamvimba. Nilimwambia basi yatosha, amesikia. Akanijibu, “Hajasikia. Mimi nimekufa kwa kelele, siwezi kufufuka kwa minong’ono.”

Shemeji akaanza kwenda kazini na suruali iliyokunjamana kama karatasi ya vitumbua. Akakonda. Macho yakaingia ndani. Msimu mpya ulipofunguliwa, Maikrofoni alimtazama kwa furaha isiyo na aibu, kwa sababu sasa mtu wake alifanana na hadithi.

“Shemeji, nifanyeje?” aliniuliza siku moja pale bombani.

“Ulimuulia kwenye basi. Kamfufulie kwenye basi. Kwa mdomo wako, usimtume mtu.”

Hakusema ndiyo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza. Aliniomba nimfundishe kulitamka, na tukawa tunalirudia akipapasa tairi, yeye akipinda ulimi na mimi nikimkosoa: mke wangu yuko hai, ni mzima, yuko nyumbani. Mtu aliyekaa mbele ya lugha ile miaka yote hiyo akiisikiliza kama injini, akaanza kuijifunza kwa sentensi moja.

Siku ya mwisho ya safari ya kwanza, basi lilipoingia yadi, nilisimama kwenye ngazi ya mlango na ndoo tupu. Maikrofoni akaanza hotuba. Alipofika kwenye kuzika, shemeji akazima injini. Akainuka kwenye usukani, akawageukia wageni. Akaishikilia mishono ya ile suruali.

“Mke wangu yuko hai,” akasema. “Ni mzima. Yuko nyumbani.”

Aliitamka bila kosa. Mimi nikahisi machozi, nikasema moyoni, haya, sasa.

Maikrofoni hakuhitaji hata kumeza mate. Alimshika shemeji bega. Akawatazama wageni, akatikisa kichwa polepole.

“Mmemsikia wenyewe,” alisema. “Kila safari huwa hivi. Daktari ametuambia tusimbishie.”

Mlio uliotoka kwa wale watu sitausahau. Hata wanaume walilia.

“Ni kweli!” nikapiga kelele kwa lugha yao, ndoo ikanidondoka. “Yuko hai! Ni dada yangu, leo asubuhi nimekunywa naye chai!”

Wakanigeukia wote, na kila uso ulikuwa umejaa huruma ileile.

“Na huyu,” akasema Maikrofoni, “ni shemeji yake.”

Bahasha ya dereva ilirudi haifungiki. Na siku hiyo Maikrofoni hakuchukua nusu. Aliichomeka yote kwenye mfuko wa shati la shemeji, akaupigapiga. “Leo ni yako yote, ndugu yangu. Umeniweza. Mimi huwa nasema tu, wewe unaigiza.”

Nilimtemea mate. Yalimpata kwenye kiatu, na hakuona, kwa sababu ya ile miwani.

Shemeji alifika nyumbani akiwa na ile bahasha mfukoni. Unaweza kuniuliza kwa nini hakuitupa, na mimi nilimuuliza. Alisema hajui, mkono umezoea. Aliiweka kwenye meza ya cherehani, mbele ya dada, akamsimulia jinsi ilivyokuwa, neno kwa neno kama nilivyomtafsiria, hata lile la daktari. Hakujitetea. Dada aliacha kukanyaga, akasikiliza. Nilitegemea angalau acheke, maana kwa mtu mwingine lingekuwa la kuchekesha.

Akaichukua bahasha, akatoka nayo bila kuifungua. Aliporudi alikuwa amebeba kitambaa cheupe, pamba nzuri, aina ambayo hajawahi kumshonea mtu yeyote kwa ubora wake. Akakitandaza sakafuni. Akalala juu yake chali, mikono ubavuni, akaniambia nitie alama ya chaki juu ya kichwa na chini ya miguu. Nilikataa. Akaniambia, “Tia, au nitamwambia yeye atie.” Nikatia. Akaamka, akachukua mkasi wake mkubwa, akakata.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amejishika ukuta.

Dada aliikunja ile sanda, akaenda nayo chumbani, akaitundika kwenye msumari ule wa suruali. Kisha akaongea na mumewe kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya breki.

“Hela ya marehemu imenunua kitu cha marehemu. Haikubaki hata senti. Siku nyingine ukiulizwa mkeo, usibuni, waambie sanda yake iko tayari na wao ndio waliolipa.” Akapangusa chaki viganjani. “Haya, kaoge. Chakula kipo.”

Sasa shemeji anaendesha lori la kokoto. Kokoto hazilii, hazitoi bahasha, na hazipigi mtu picha kisogoni. Anakula nyumbani, anaitikiwa akiita, na jioni wanakaa nje wakibishana kama watu waliooana. Cherehani ya umeme dada aliiuza, akamwambia mnunuzi ukweli imetoka wapi, na mnunuzi akapunguziwa bei kwa sababu hiyo. Mimi bado niko yadi na glavu zangu. Maikrofoni amepata dereva mpya, na wiki iliyopita nikiwa nasugua ngazi nilisikia kwamba mama mzazi wa kijana huyo ameteketea kwa moto. Ana ghala la maiti mdomoni mtu yule, na wageni hawachoki kununua.

Suruali ya lori haihitaji pasi. Lakini msumari haujabaki wazi, na kitanda hakijageuzwa, kwa hiyo shemeji akifumbua macho asubuhi kitu cha kwanza anachokiona ni ile sanda. Ikishika vumbi dada huishusha, anaifua, anaipiga pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukata mkate, kisha anamwita mumewe aje aitundike.